Namna ya kuratibu ukaguzi wa ufuatiliaji kwenye vituo vya watoto wadogo vinavyopokea ruzuku

Taarifa ya ukaguzi ikishatoka, kituo kikapewa nakala na mkurugenzi akasaini, wengi huona kazi imekwisha. Ndipo inapoanza. Kituo kilichokutwa na tangi la maji lisilo na mfuniko bado kina tangi hilo, na watoto wa miaka mitatu bado wanacheza pembeni yake. Mratibu wa ufuatiliaji ndiye anayeamua kama taarifa ile itabadilisha kitu kwa watoto hao au itaishia kabatini.

Mwongozo huu ni wa maafisa ruzuku na waratibu wa mashirika yanayopeleka fedha kwenye vituo vya kulelea watoto mchana, vituo vya malezi vya kijamii na madarasa ya awali. Mifano ni ya Tanzania, ambako Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, yaani PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021, imehimiza jamii na mashirika kuanzisha vituo vya aina hii. Aliyeko Kenya, Uganda au Kongo atabadilisha majina ya ofisi na sheria, lakini mtiririko wa kazi hautofautiani sana.

Jambo moja lishike tangu mwanzo. Ufuatiliaji una swali lake: kasoro iliyoandikwa imerekebishwa, na marekebisho yameshika? Ukienda kukagua kila kitu upya, utarudi na orodha ndefu ya hoja mpya, yaani kasoro zilizoandikwa na mkaguzi zikisubiri majibu, huku za zamani zikiwa hazijajibiwa, na kituo kitachoka nawe.

Hatua ya 1: Hoja zote ziwe kwenye rejista moja

Kabla ya kupanga safari yoyote, kusanya hoja za vituo vyote kwenye jedwali moja. Kila hoja ipate namba yake isiyobadilika, jina la kituo, tarehe iliyoibuliwa, kifungu cha mkataba au sheria kilichokiukwa, anayewajibika kituoni, tarehe ya mwisho na hali yake. Hoja ikiishi kwenye barua pepe ya mtu mmoja, siku akihama kazi hoja nayo inahama. Programu ya majedwali ya kawaida inatosha. Usisubiri mfumo wa gharama kubwa.

Hatua ya 2: Andika upya hoja mpaka iweze kufungwa

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo wengi wanapopita haraka. Ufuatiliaji mwingi hukwama kwa sababu hoja yenyewe iliandikwa vibaya siku ya kwanza. Tazama hoja hii, ambayo kila aliyewahi kusoma taarifa za ukaguzi amekutana na ndugu zake:

"Kituo kiimarishe usimamizi wa fedha na usalama wa watoto."

Utaifungaje? Mkurugenzi atakuambia ameimarisha. Wewe utasema bado. Hakuna kipimo, na mwaka utakwisha mkibishana kwa heshima. Sasa iandike hivi:

"Malipo ya chakula ya Februari hadi Aprili, jumla shilingi 1,840,000, yalifanyika bila risiti na bila daftari la mapokezi ya bidhaa, kinyume na kifungu cha ununuzi katika mkataba. Hoja itafungwa yakionekana mambo mawili: maelezo ya maandishi ya malipo hayo yaliyothibitishwa na kamati ya kituo, na hati za malipo za miezi miwili mfululizo baada ya ukaguzi zikiwa na risiti pamoja na saini ya aliyepokea bidhaa stoo."

Hoja iliyokamilika inaeleza kilichokutwa, kwa idadi na tarehe, kanuni iliyovunjwa, na kitakachoonekana hoja ikishatibiwa. Hicho cha tatu kiandikwe mapema, kabla hujaona majibu ya kituo. Ukisubiri majibu ndipo uweke kipimo, utajikuta unakipunguza kwa kituo unachokipenda na kukiongeza kwa kile kinachokusumbua.

Angalia pia kwamba hoja nyingi zina pande mbili. Kuna kilichokwisha kutokea, na kuna kuzuia kisijirudie. Mlezi aliajiriwa bila kuhakikiwa mwenendo wake: kumhakiki yeye ni upande mmoja, na utaratibu wa kuhakiki kila atakayeajiriwa baadaye ni upande wa pili. Ukifunga hoja kwa upande mmoja, mwakani utaikuta pale pale kwa jina la mlezi mwingine.

Rasimu ya hoja mpelekee mkurugenzi wa kituo aisome kabla haijawa rasmi. Kuna kasoro ambazo mkaguzi alizielewa vibaya kwa sababu jalada lilikuwa kwa mhasibu aliyekuwa likizo. Ni heri hilo lijulikane sasa.

Hatua ya 3: Pima uzito, kisha weka muda

Hoja zisipewe muda mmoja. Programu ya Head Start ya Marekani, inayopeleka ruzuku za serikali kuu kwenye huduma za watoto wadogo tangu 1965, ina mgawanyo unaoigika. Kwa dosari kubwa, sheria yake iliyorekebishwa 2007 inatoa njia tatu: kurekebisha mara moja pale afya au usalama wa watoto na watumishi, au fedha za umma, zinapokuwa hatarini, kurekebisha ndani ya siku 90, au kufuata mpango wa maboresho usiozidi mwaka mmoja. Mgawanyo huo unafaa hata kwa shirika lenye vituo vinane tu.

Mara moja, maana yake leo au kesho: tangi au shimo lililo wazi, jiko la mkaa mahali watoto wanapolala, mtu mwenye tuhuma za ukatili ambaye bado anashinda na watoto, akaunti ya benki inayotolewa fedha kwa saini ya mtu mmoja. Hizi hazingoji ratiba ya ufuatiliaji. Kituo kitume picha na maelezo ndani ya muda mfupi mliokubaliana, halafu mtu afike kuona kwa macho.

Siku 90 zinafaa kwa mambo ya utaratibu: usuluhishi wa benki wa kila mwezi (kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki), marejesho ya masurufu (fedha anazopewa mtumishi mapema kwa kazi maalumu), mafaili ya watumishi, makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) na kodi ya mishahara ambayo hutakiwa kufika Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Muda mrefu zaidi ni wa yale yanayohitaji fedha au kibali cha ofisi nyingine, kama kujenga choo chenye matundu ya kimo cha watoto, au kukamilisha usajili.

Kuhusu usajili niseme wazi. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kituo cha kulelea watoto mchana hakitakiwi kuendeshwa bila usajili, na maombi yake hupitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Darasa la awali lililo ndani ya shule lina njia yake upande wa elimu. Mratibu asiyejua kituo kiko upande gani atakidai cheti kisichokihusu na kuacha kinachokihusu.

Hatua ya 4: Kituo kilete mpango wake wa marekebisho

Mpango uandikwe na kituo, usiandikwe nawe. Ukurasa mmoja unatosha: namba ya hoja, kitakachofanyika, nani, lini, kwa fedha ipi. Safu ya fedha ndiyo ya kuisoma kwa makini. Mkurugenzi akiandika "tutajenga uzio ifikapo Agosti" na bajeti haina fungu la uzio, mpango huo hautekelezeki hata kama ana nia njema. Hapo kazi yako ni kumsaidia kuomba kuhamisha fungu, au kutafuta njia ya muda, kwa mfano kufunga geti na kumweka mtu mzima mlangoni saa za mapokezi, mpaka fedha ipatikane. Kukataa mpango bila kuonyesha njia ni kumwacha aandike uongo mwingine.

Mwenyekiti wa kamati ya kituo naye asaini. Wazazi waliomo kwenye kamati ndio watakaokuwepo ninyi wote mkishaondoka.

Hatua ya 5: Ratiba na timu

Fuata kalenda ya watoto. Vituo vingi hufuata likizo za shule za Juni na Desemba. Ukienda wakati huo utakagua makabati. Masika, kati ya Machi na Mei, barabara za vijijini hukatika, kwa hiyo vituo vya mbali vipangwe kabla au baada. Mwezi wa Ramadhani, maeneo ya Pwani, Tanga na Zanzibar, saa za kituo na mlo wa mchana huweza kubadilika. Hoja ya lishe isihukumiwe kwa siku hizo. Uliza pia kama mfadhili mwingine au halmashauri wana ziara wiki hiyo hiyo. Kituo cha walezi wanne hakiwezi kupokea wageni wa aina tatu na bado kikalea watoto.

Timu iwe ya watu wawili: mmoja anayejua hesabu, mmoja anayejua malezi. Mhasibu peke yake atarudi na picha nzuri ya risiti. Angalau mmoja awe hakuwepo kwenye ukaguzi wa kwanza, na yeyote mwenye ndugu kituoni au aliyewahi kukifanyia kazi akae pembeni. Mwalike afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na umwambie mapema ni nani atamlipia usafiri.

Barua ya taarifa iende wiki mbili kabla, kwa mtindo wa kawaida wa ofisi, ikitaja hoja kwa namba zake:

"Yah: Ukaguzi wa ufuatiliaji wa hoja namba 3, 5 na 9. Mkurugenzi, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunatarajia kufika kituoni Jumanne ya wiki ya pili ya Septemba. Tutaomba kuona hati za malipo za Julai na Agosti, mafaili ya walezi walioajiriwa tangu Machi, na eneo la jiko. Tunaomba shughuli za watoto ziendelee kama kawaida. Hakuna haja ya maandalizi ya chakula cha wageni."

Sentensi ya mwisho usiiache. Ukarimu wetu unajulikana, na kuku anayechinjwa kwa ajili ya wageni mara nyingine hutoka kwenye fungu la uji wa watoto. Kwa hoja za usalama zilizowahi kujirudia, taja wiki tu na siku uifiche, ilimradi mkataba unaruhusu.

Hatua ya 6: Soma kabla ya kusafiri

Omba vielelezo vya karatasi vitumwe siku kumi kabla. Hoja inayoweza kufungwa kwa taarifa ya benki na leja ifungwe ukiwa ofisini, ili siku ya kituoni ibaki kwa mambo yanayoonekana kwa macho. Risiti za EFD, yaani za mashine ya kielektroniki ya kodi, zina namba ya uhakiki na msimbo wa QR, na unaweza kuzihakiki kwenye tovuti ya TRA bila kumwita mtu. Fanya hivyo kwa chache ulizochagua mwenyewe, zisiwe zile ulizoletewa kwa juu.

Hatua ya 7: Siku ya ukaguzi

Fika asubuhi wazazi wanapoleta watoto. Salimia, jitambulishe kwa walezi wote akiwemo mpishi, fanya kikao kifupi cha kufungua, kisha nenda kwa watoto kabla ya ofisi. Wahesabu kimya kimya. Linganisha na daftari la mahudhurio la siku hiyo, halafu rudi nyuma wiki kadhaa. Daftari la kweli huonekana: kalamu zinabadilika, kuna doa la uji, kuna jina lililokatwa kwa sababu familia imehama na jingine limeongezwa chini kwa mwandiko wa mlezi mwingine. Daftari lenye wino mmoja na alama zilizonyooka kuanzia Januari hadi Agosti limeandikwa juzi. Hapo usigombe. Uliza lilijazwa lini na nani, andika jibu, kisha tafuta ushahidi mwingine, kama vile daftari la stoo la unga na sukari au kumbukumbu za michango ya wazazi.

Na hili waambie wakurugenzi kila mnapokutana: nyaraka iliyopotea ni hoja, nyaraka iliyotengenezwa baadaye na kurudishwa tarehe ni kughushi. Ya kwanza hufungwa kwa maelezo ya kweli na utaratibu mpya. Ya pili huvunja mkataba. Wengi hughushi kwa hofu, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba "hatuna, na hivi ndivyo ilivyotokea" ni jibu linalokubalika.

Kwa hoja ya usalama, ishi nayo kidogo. Kama hoja ilikuwa kemikali kufikika na watoto, usiridhike na kabati jipya lenye kufuli. Nenda chooni na jikoni uone sabuni ya maji na dawa ya kusafishia zinatumikaje saa nne asubuhi kazi ikiwa imechanganya. Mara nyingi utaikuta kwenye chupa ya soda, imeachwa dirishani kwa sababu ufunguo wa kabati anao mkurugenzi naye ameenda mjini. Kabati lipo, hatari ipo. Marekebisho hapo ni ufunguo wa pili kwa mlezi wa zamu na chupa yenye lebo, mambo yanayomalizika siku hiyo hiyo kwa gharama ndogo.

Zungumza na walezi bila mkurugenzi kuwepo, na usiwahoji kama watuhumiwa. "Dada, mtoto akiumia hapa mnafanyaje?" itakupa mengi kuliko kusoma sera iliyobandikwa ukutani. Mlezi akieleza hatua kwa maneno yake, akakuonyesha daftari la matukio na sanduku la huduma ya kwanza lilipo, mafunzo yamefika. Akikutazama tu, orodha ya waliohudhuria mafunzo haina maana hata ikiwa na saini yake.

Picha piga za vitu, si za nyuso za watoto. Majina yao, vyeti vya kuzaliwa na kumbukumbu za afya vinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo usirudi navyo kwenye simu yako.

Kabla ya kuondoka, fanya kikao cha majumuisho. Mkurugenzi asiisikie hali ya hoja zake kwa mara ya kwanza kwenye barua.

Ukikuta mtoto yuko hatarini

Hili halina namba kwa sababu halifuati mpangilio. Ukiona au ukiambiwa jambo linaloashiria ukatili, weka hoja zote kando. Hakikisha mtoto yuko salama, usimhoji mwenyewe kwa kina, usimkabili mtuhumiwa, na mjulishe siku hiyo hiyo afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto haina malipo. Usisubiri idhini ya mfadhili, wala usikubali maombi ya "tuyamalize kifamilia", hata yakitoka kwa mtu unayemheshimu. Baada ya hapo ndipo uwaarifu viongozi wa shirika lako.

Hatua ya 8: Amua na uandike

Kila hoja ipate hali moja kati ya tatu: imefungwa, imetekelezwa kwa sehemu, haijatekelezwa. Epuka "inaendelea", neno linaloweza kukaa kwenye rejista miaka mitatu. Ikiwa ni kwa sehemu, taja kilichobaki na tarehe mpya. Mwenzako wa timu asome uamuzi wako akiwa na vielelezo mbele yake kabla barua haijatoka.

Barua itoke ndani ya wiki mbili, ikianza na zilizofungwa. Kituo kipewe siku za kutoa maelezo kama hakikubaliani, na maelezo yake yabaki kwenye jalada hata usipobadili uamuzi.

Ulichokiona ambacho hakikuwa kwenye orodha, kama si cha hatari, kiandikwe kama angalizo. Kisigeuzwe hoja mpya kinyemela.

Hatua ya 9: Hoja zisipofungika

Tofautisha aliyeshindwa na asiyetaka. Aliyeshindwa hana mhasibu, au ana mkurugenzi mmoja anayefanya kazi za watu wanne. Huyo mpe mtu wa kukaa naye siku mbili kwenye vitabu. Mafunzo ya hotelini hayatamsaidia sana. Asiyetaka anajulikana kwa ahadi zinazofanana kila awamu. Kwake panda ngazi kama mkataba unavyosema: onyo la maandishi, malipo kwa awamu ndogo ndogo baada ya vielelezo, kusimamisha, kuvunja.

Ukifikia kusimamisha, jiulize kwanza nani atakosa uji Jumatatu. Mwombe mfadhili mapema atenganishe fungu la chakula na mishahara ya walezi na fungu la utawala, na uone kama chakula kinaweza kulipwa moja kwa moja kwa muuzaji. Kituo kikifungwa kabisa, panga na halmashauri na mtendaji wa kata watoto watahamia wapi, na wazazi waambiwe kabla ya kukuta geti limefungwa.

Hatua ya 10: Soma rejista nzima kwa pamoja

Kila nusu mwaka, zipange hoja kwa aina badala ya kituo. Hoja moja ikijitokeza karibu kila mahali, chunguza mkataba wenu kabla ya kulaumu vituo. Mfano wa kawaida ni mboga na dagaa. Mkataba unadai risiti ya EFD kwa kila ununuzi, na mama anayeuza mchicha sokoni hana mashine hiyo. Kituo kinabaki na njia tatu: kununua dukani kwa bei kubwa zaidi, kutafuta risiti ya mtu mwingine, au kukusanya hoja. Peleka pendekezo kwa mfadhili la kuruhusu hati ya kukiri malipo kwa manunuzi madogo ya sokoni, yenye kiwango cha juu kwa siku, jina na namba ya simu ya muuzaji, na saini ya mjumbe mmoja wa kamati aliyeshuhudia bidhaa ikipokewa. Likikubaliwa, andika nyongeza ya mkataba, itume vituo vyote siku moja, na kwenye rejista uonyeshe kila hoja ya aina hiyo itapimwa kwa utaratibu upi kuanzia tarehe ipi.